Imehitilafiana na nani?

Shangazi yangu anauza vitenge Magomeni. Tangu wateja waanze kulipa kwa simu, amejifunza kusoma kile kioo kidogo kama alivyofundishwa kusoma msahafu utotoni: kidole chini ya mstari, midomo inakwenda, sauti haitoki. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya plastiki mlangoni, nasubiri anikatie kitenge cha sare ya harusi. Mteja alikuwa amesimama na mfuko wake tayari. Simu ikaleta mstari mwekundu, na safari hii shangazi akausoma kwa sauti, pole pole.

"Hitilafu imetokea. Jaribu tena."

Akanigeukia, maana anajua kazi yangu ni maneno. "Hitilafu? Imehitilafiana na nani?"

Mteja alicheka, nikacheka. Shangazi hakucheka. Yeye kakulia Tanga, kwa bibi ambaye akisema "fulani na fulani wamehitilafiana" ujue hawasalimiani, na huenda kuna shamba au mirathi katikati. Kwake hitilafu ni ya watu wawili. Na hakukosea hata kidogo: neno limetoka Kiarabu, ikhtilafu, kutofautiana. Wanazuoni hupata hitilafu juu ya mwandamo wa mwezi. Simu yake imepata hitilafu na nani, asubuhi yote hii, mteja kasimama?

Sikumwambia kwamba mistari ya namna ile ndiyo inayonilisha. Natafsiri maandishi ya programu za simu: "ingia", "umesahau neno la siri", "salio halitoshi". Na wiki ileile mezani kwangu kulikuwa na faili yenye mstari mmoja niliokuwa naukwepa kwa siku tatu. Kwa Kiingereza ulisema kuna glitch ndogo, basi jaribu tena. Nilikuwa nimeshaandika "hitilafu", nikafuta, nikaandika "kasoro", nikafuta. Kasoro nayo ni Mwarabu mwingine, kazi yake kubwa kwetu ni kwenye saa: saa tatu kasoro robo. Baada ya swali la shangazi nikaamua nisitafsiri kitu mpaka nijue hii glitch kwao ni nani na katoka wapi.

Kamusi za Kiingereza zenye tahadhari huweka "labda" kwanza, kisha zinasema: Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Glitsh. Maana yake utelezi. Mahali panapoteleza, au lile tendo lenyewe la mguu kukuponyoka. Kitenzi chake ni glitshn, na mtoto anayejisereresha juu ya barafu kwa kufurahi anafanya glitshn zikh, anajitelezesha. Kijerumani kina glitschen, na kina glitschig, ambayo ni sifa ya sabuni iliyolowa, ya samaki aliyetoka majini sasa hivi, ya ngazi iliyonyeshewa. Nyuma ya hayo yote kuna gleiten, na huyu gleiten ni ndugu wa damu wa glide ya Kiingereza, iliyoingia Uingereza na Waanglo-Saxon karibu miaka 1,500 iliyopita. Kwa hiyo Kiingereza kilikuwa na mtoto mmoja wa ukoo huu nyumbani muda wote. Wa pili kaja kwa mzunguko, kupitia vijiji vya Ulaya ya Mashariki na meli za wahamiaji. Wamegawana tabia: glide ni kuteleza kwa madaha, kama mwewe asiyepiga bawa. Glitch ni kuteleza mbele za watu.

Nikaandika pembeni ya daftari: *utelezi*. Nikaliangalia neno hilo kwa muda. Linaeleweka hadi kwa mtoto wa chekechea, na halikuwa limewahi kunipitia kichwani hata mara moja kwa habari ya simu.

Kiyidishi chenyewe, Mswahili anakielewa haraka kuliko Mwingereza. Wayahudi wa kando ya mto Rhine, miji ya Speyer, Worms na Mainz, yapata miaka elfu moja iliyopita walizungumza Kijerumani cha majirani zao, wakakisuka na Kiebrania na Kiaramu cha vitabu vyao vya dini. Baadaye walipohamia mashariki wakaongeza maneno ya Kislavi. Wakakiandika kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Mifupa ya Kijerumani, maneno ya ibada na sheria kutoka lugha ya kitabu. Sasa badilisha majina: mifupa ya Kibantu, maneno ya ibada na sheria kutoka Kiarabu, hati za kulia kwenda kushoto, na umefika Lamu, Pate na Kilwa. Hata matusi tuligawana. Wao waliambiwa, na wasomi wa kwao wenyewe, kwamba lugha yao ni Kijerumani kilichoharibika, haina hata haki ya kuitwa lugha. Sisi mpaka leo kuna mtu kwenye daladala anayekueleza kwa uhakika kamili kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa.

Sentensi ya Kiyidishi ya zamani kabisa inayojulikana tarehe yake ni ya mwaka 1272. Imo katika kitabu kikubwa cha sala kutoka Worms. Mwandishi alikuwa na neno moja la Kiebrania lililochorwa kwa herufi nene zenye uwazi ndani, na akauona ule uwazi unampotea. Akaujaza kwa maandishi madogo: siku njema imfikie atakayekibeba kitabu hiki kukipeleka sinagogi. Ndiyo hiyo tu. Kitabu chenyewe kilikuwa kizito, mbebaji alistahili dua. Lakini tazama alivyosema: sentensi ni ya Kijerumani, ila "kitabu cha sala" na "sinagogi" vimebaki kwa Kiebrania. Vilevile mama yangu akisema "nenda msikitini ukamwite imamu", hakuna anayeshtuka kwamba nusu ya vitu humo vimetoka ng'ambo.

Lugha hiyo ilikuja kuwa na wasemaji wapatao milioni 11 kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wengi waliuawa na Wanazi, na vijiji vizima ambavyo watoto wake walikuwa wakijitelezesha juu ya mito iliyoganda havipo tena. Siwezi kupita hapa kama napita kituo cha basi, lakini pia sina la kuongeza.

Wengine walikuwa wameshaondoka. Mwaka 1881 Tsar Alexander II wa Urusi aliuawa kwa bomu, Wayahudi wakabebeshwa lawama, nyumba na maduka yao yakavamiwa. Kuanzia hapo hadi 1914, umaskini na vurugu viliwasukuma Wayahudi wapatao milioni 2 wa Ulaya ya Mashariki kwenda Marekani, wengi wakitua New York, wakabanana kwenye vyumba vya mtaa wa Lower East Side na vyerehani vyao. Kiyidishi kilikuwa na magazeti hapo, kubwa kati yake likiwa Forverts, lililoanza 1897. Kati ya watoto waliouza magazeti ya Kiyidishi mitaani ni David Sarnoff, aliyezaliwa 1891 karibu na Minsk na kufika New York mwaka 1900. Mtoto huyo ndiye baadaye aliyeongoza RCA, kampuni ya redio iliyoanzisha mtandao wa utangazaji wa NBC mwaka 1926. Simwekei neno mdomoni, sisemi ndiye aliyelileta. Nasema tu kwamba Kiyidishi na redio ya Marekani vilikuwa vinakaa kwenye vyumba vilevile, vinakunywa chai ileile.

Maana ni redioni neno linapoonekana kwanza. Mei 1940 mwandishi Katharine Brush aliandika katika Washington Post kwamba watangazaji wakikosea kidogo huita fluff, wakikosea vibaya huita glitch, na kwamba yeye analipenda neno hilo. Mwaka uliofuata kijana Tony Randall, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji maarufu, alipata kibarua cha utangazaji katika kituo cha WTAG, mjini Worcester, Massachusetts. Akawakuta wakongwe wanalitumia na wanasema lilikuwepo siku zote. Ukiweka sahani ya santuri isiyo yake, ukisoma tangazo la sabuni mahali pa tangazo la sigara, hiyo ni glitch, na ilikuwepo karatasi maalumu ya kuiandika.

Nilipofika kwenye hiyo karatasi niliweka kikombe chini. Ile karatasi mimi naijua.

Kabla ya tafsiri nilikuwa mtangazaji wa redio moja ya mkoani, miaka ya mwanzo ya 2000. Zamu yangu ilikuwa ya usiku, na kazi iliyonitia jasho kuliko zote ilikuwa matangazo ya vifo baada ya taarifa ya habari. Mtu aliyekulia na redio anaujua mtiririko wake. Bwana fulani wa kijiji fulani anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake, marehemu fulani, kilichotokea leo alfajiri. Mazishi yatafanyika kesho saa kumi alasiri. Habari ziwafikie, halafu linafuata hilo jeshi la majina: mjomba wa Kilosa, dada wa Ifakara, shemeji wa Mikumi popote alipo. Unasoma ishirini, thelathini kwa mkupuo, zimeandikwa kwa mkono na watu waliokuwa wakilia. Ulimi unazoea njia, unaanza kutembea wenyewe, wewe unawaza basi la kurudi nyumbani.

Usiku huo nikasoma, kwa sauti yangu ile ya msiba, kwamba *marehemu* mzee fulani anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake.

Nikaliona kosa likiwa limeshatoka. Kwenye kioo, fundi mitambo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Utaratibu wetu ulikuwa usirudi nyuma, kwa kuwa ukirudi ndipo hata ambaye hakusikia anasikia. Nikaendelea. Kilosa, Ifakara, Mikumi. Nikaweka wimbo. Haukuisha wimbo, simu ya mezani ikalia, ile ya kijivu yenye waya uliojisokota. Sauti ya mzee, taratibu, wala haina hasira.

"Mwanangu, mimi bado nipo. Lakini watu wameshaanza kuja."

Nilimwomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Akasema haidhuru, ila nisome tena sawasawa, maana shemeji yake ameshaangua kilio. Nikasoma tena. Kisha fundi mitambo, mzee wa siku nyingi aliyewahi kufanya kazi na mikanda ya rili, akanisukumia daftari la zamu. Lilikuwa na safu nne zilizopigwa kwa rula: saa, kipindi, kilichotokea, sahihi. "Andika," akasema. "Umeteleza tu. Kuteleza si kuanguka." Nikaandika: *Saa 2:20 usiku. Matangazo ya vifo. Nimemwita mfiwa marehemu.* Nikatia sahihi. Kesho yake mkuu wa vipindi alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu neno moja, "Imeonekana", na mambo yakaishia hapo.

Nimekumbuka hayo yote kwa sababu ya methali ya yule fundi. Wayahudi waliozungumza Kiyidishi walikuwa na neno la mguu kuponyoka kwenye barafu, na neno hilo likapanda kutoka mguuni mpaka ulimini, wa mtangazaji. Sisi ambao barafu tunaijua ya kwenye juisi ya miwa, tulikuwa na neno la mguu kuponyoka kwenye matope na kwenye mwamba wenye ukoga wa bahari, nalo likapanda vilevile: ulimi umeteleza. Hakuna aliyemwazima mwenzake. Tofauti ni kwamba neno lao halikuishia ulimini. Likaendelea kupanda.

Miaka ya 1950 lilihamia kwa mafundi wa televisheni. Pale mkanda ulipokatwa na kuunganishwa, kama mipigo ya umeme ya pande mbili haikukaa sawa, picha ilitikisika mara moja, kitambo cha kupepesa jicho, halafu ikatulia. Huko nako wakaita glitch. Hapa ndipo neno lilipobadilisha mwenyewe. Zamani aliyeteleza alikuwa mtu, ana jina na zamu. Sasa kilichoteleza ni picha.

Halafu likaenda angani, na lilipokwenda lilipita juu ya vichwa vyetu, kwa maana kamili ya maneno hayo.

Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wa Marekani, John Glenn, aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo kilichoitwa Friendship 7. Mwaka huohuo yeye na wanaanga wenzake sita walitoa kitabu, na humo Glenn akawaeleza watu wa kawaida msamiati wa kazini kwao. Glitch, akasema, kwa maana yake halisi ni mruko wa volti katika saketi inapobebeshwa mzigo mpya kwa ghafla. Utaona taa ya nyumbani inavyofifia kidogo friji likijiwasha. Ni jambo la aina hiyo, ila dogo zaidi, kiasi kwamba hata fyuzi haiwezi kulizuia. Yeye alilieleza kama neno la mafundi, na wasomaji wengi walikutana nalo hapo.

Redio za wakati ule ziliweza kuongea na chombo kikiwa juu ya upeo wa macho tu, dakika chache, kisha kimezama. Kwa hiyo NASA, shirika la anga la Marekani, ilihitaji mnyororo wa vituo kuzunguka dunia: Bermuda, visiwa vya Canary, Kano kule Nigeria, meli katika Bahari ya Hindi, Australia. Na kati ya Kano na ile meli, kituo kimoja kilikuwa Unguja, upande wa Tunguu. Mwanaanga wa kwanza wa Marekani kuizunguka dunia aliita Zanzibar, na Zanzibar ikamwitikia.

Piga hesabu ya saa. Aliruka saa 3:47 asubuhi kwa saa za Florida, kwetu ni saa 11:47 jioni. Chini ya nusu saa baadaye alikuwa anaikaribia pwani yetu. Na ukirudi kwenye kalenda ya Kiislamu, siku hiyo iliangukia katikati ya mwezi wa Ramadhani. Yaani alipita muda mfupi kabla ya Magharibi, Unguja nzima ikiwa na masikio kwenye adhana, uji wa pilipili manga umeshaepuliwa. Kule juu Glenn alikuwa anavuta kamba ya mpira kama zoezi, ili madaktari wa chini waone moyo wake unavyofanya kazi mwili usipokuwa na uzito. Baada ya Zanzibar akaliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi, machweo yake ya kwanza ya siku hiyo. Sisi lilikuwa la mwisho, na ruhusa ya kula. Nimeipita Tunguu mara nyingi nikienda Paje na Makunduchi, leo kuna chuo kikuu na ofisi za serikali, na kila mara nawaza fundi mmoja aliyefunga masikio kwa hedifoni wakati wapishi wanapakua.

Glitch kubwa ya safari ile ilikuja baadaye. Katika mzunguko wa pili mitambo ya Florida ilipokea ishara kwamba ngao ya kukinga joto imelegea kwenye chombo. Kama ni kweli, Glenn angeungua akirudi. Wakamwamuru asiachie kifurushi cha roketi za kupunguza mwendo, kibaki kimefungwa juu ya ngao kuishikilia, na akarudi huku anaona vipande vya moto vikipita dirishani. Ngao ilikuwa nzima. Swichi moja ndiyo iliyokuwa imedanganya.

Kituo cha Unguja hakikudumu. Tangu mwanzo walikuwepo waliokitilia shaka, wakihofia kwamba chini ya jina la anga kuna makombora. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964 Wamarekani waliondolewa kwa manowari yao, USS Manley, na mwaka huohuo serikali mpya ikataka mitambo ing'olewe. Ikang'olewa. Mwaka 1965 jarida la Time lilipoandika kwamba glitch ni neno la watu wa anga kwa vijambo vinavyoudhi, Zanzibar ilikuwa imeshatoka kwenye mnyororo. Sijakutana na mtu anayedai kwamba lile neno liliacha hata unyayo Kisiwani.

Kutoka hapo lilikwenda kila mahali. Mwaka 1969 wanaastronomia waliiona nyota ya Vela, ile inayojizungusha kama mara 11 kwa sekunde, ikiongeza kasi ghafla bila kuaga, nao wakaita glitch. Kompyuta, michezo ya video, hata aina ya muziki. Na mwisho likafika mahali linapoonekana kustarehe kuliko pote: kwenye barua za kuomba radhi za makampuni.

Hapa nina ugomvi nalo. Kwenye karatasi ya Worcester glitch ilikuwa na mwenyewe. Kwenye barua ya kampuni haina. Hela ya mtu imekatwa mara mbili, tiketi ya ndege imefutika, na maelezo ni kwamba palikuwa na glitch, kama vile palikuwa na mvua. Neno limelainika mpaka limekuwa lenyewe ndilo utelezi: ukijaribu kulishika umpate mhusika, linakuponyoka. Na hitilafu yetu imejifunza tabia ileile. Hitilafu *imetokea*. Soko limeungua usiku, mabanda mia yamekwisha, na kabla majivu hayajapoa tumeshaambiwa chanzo ni hitilafu ya umeme. Bibi yake shangazi angeuliza hapohapo umeme umehitilafiana na nani, na lingekuwa swali la kiuchunguzi kabisa.

Mtaa wenyewe hausemi hitilafu. Sijawahi kumsikia kondakta wala wakala wa pesa akisema hitilafu. Mtaa unasema mashine imegoma. Imekataa. Inazingua. Imeganda. Nairobi umeme haukatiki, stima *hupotea*, kana kwamba imetoka bila kuaga na haijulikani italala wapi. Katika Kiswahili cha watu, mashine ni mtu mkaidi mwenye mambo yake: ina mgomo, ina kisirani, unaibembeleza, unaizima na kuiwasha, unaipiga kofi la mgongoni. Napenda ukali wake. Lakini imegoma nayo inamtupia lawama asiyekuwepo. Simu ya shangazi haikugoma, simu yake ilikuwa imefanya kila ilichoagizwa. Kuna watu mahali fulani waliojenga kitu na kitu kikawaponyoka.

Basi nikarudi kwenye mstari wangu. Kiswahili kina jambo moja ambalo hulitambui mpaka ulitafsirie mtu: kitenzi hakitembei bila mwenyewe. Huwezi kusema "teleza" tu ukaiacha inaelea hewani kama glitch. Lazima useme ni nani. Nimeteleza. Umeteleza. Nikaandika:

*Tumeteleza kidogo. Jaribu tena.*

Nilijiona fundi. Ni fupi, inaenea kwenye kioo kidogo, mtu wa Magomeni anaielewa bila kidole chini ya mstari, na imefika nyumbani kwa neno lenyewe, kwenye barafu ya kule lilikozaliwa. Mwenzangu tunayekaguana kazi aliisoma akaniambia ina harufu ya mzaha, mtu aliyepoteza hela yake hataki kuambiwa mtu kateleza. Nikamjibu kwamba ndicho hasa anachotaka kuambiwa. Hatukukubaliana. Unaweza kusema tulihitilafiana.

Nikaituma. Nikaweka na maelezo marefu kuhusu utelezi, ulimi, methali, mpaka Tunguu nikaitaja, jambo ambalo nadhani halikunisaidia.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Mteja ni kampuni ya mbali yenye mkaguzi wa lugha na, nyuma yake, mtu wa sheria. Mkaguzi aliipenda. Mtu wa sheria alikuwa ametafsiriwa mstari wangu kurudi kwenye Kiingereza, akaona kitu ambacho kwenye Kiingereza cha kwanza hakikuwepo, na alikuwa na swali moja tu, limewekwa rangi ya njano pembeni.

Huyu "tu" ni nani?

Nilikaa nalo jioni nzima. Niliandika majibu mawili ya kejeli, nikayafuta. Asubuhi nikabadilisha, nikarudisha faili. *Hitilafu imetokea. Jaribu tena.* Nalipwa kwa hesabu ya maneno, na ilikuwa manne kwa manne.